Maswali ya Wasomaji: Karakana ya Ngozi Iwekwe Sakafu Gani?

Barua za watu wa ngozi zimekuwa nyingi, kuanzia vijana wa makubadhi kule Lamu mpaka kina mama wanaoshona mikoba Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: chini tuweke nini? Nimefurahi kweli, manake mtu hununua mashine nzuri, akanunua ngozi ya bei, akafunga na taa, halafu sakafu anaichukua vile alivyoikuta. Nimechagua barua nne, majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI

Asalaam aleikum fundi. Mimi nashona makubadhi na mishipi, na siku hizi mikoba kidogo ya wageni. Bibi amenipa sabule ya juu, yaani chumba cha wageni, kwenye nyumba yetu ya zamani huku Mkomani, Lamu, niifanye karakana. Sakafu yake ni ile ya chokaa juu ya boriti, imechakaa, ina mabonde, na kila nikifagia inatoa unga mweupe unaoingia kwenye ngozi. Binamu yangu ni mwashi, anasema tumwage saruji inchi mbili juu yake tupige taili tumalize. Rafiki yangu wa Mombasa anasema epoksi, ile rangi ya sakafu inayoganda ngumu, ndio habari ya mjini. Na shangazi analala chumba cha chini, nikianza kugonga panchi ya kutobolea ngozi ananiita kwa ukali, ati vumbi linamwangukia kitandani. Nifanye nini na pesa yenyewe ni ndogo?
Mshona makubadhi, Mkomani

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na umpe bibi salamu zangu, chumba cha sabule si kitu kidogo kupewa.

Naomba kabla ya lolote umzuie binamu yako asipandishe hata mfuko mmoja wa saruji huko juu. Simvunjii heshima, ni hesabu tu. Saruji na mchanga ya inchi mbili, yaani sentimita 5, ina uzito wa kama kilo 100 kwa kila mita moja mraba. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba, upana wake haupiti mita 2.5 na kidogo sababu ndio urefu boriti ya mkoko inaoweza kubeba, lakini kwa urefu vinakwenda, basi tuseme chako ni mita 2.5 kwa 6, hizo ni mita mraba 15, piga mara 100 unapata kilo 1,500. Tani moja na nusu, hapo bado taili na gundi yake, bado meza, bado wewe mwenyewe na ngozi zako, na zote zinakaa juu ya boriti ambazo vichwa vyake vimezikwa ukutani miaka na miaka na hakuna anayejua vimelika kiasi gani. Boriti huanza kuoza pale pale zinapoingia ukutani manake ndipo unyevu unapokaa, katikati utaiona nzima kabisa kumbe kichwa kimekwisha. Kwa hivyo hata kama huongezi kitu, nenda chumbani kwa shangazi na tochi, angalia dari kama limelegea mahali, chukua bisibisi uchome boriti karibu na ukuta, ikiingia kirahisi hapo hakuna karakana mpaka mwashi na seremala wakae chini wazungumze.

Jambo la pili ni lile la saruji na chokaa. Nyumba ya matumbawe na chokaa inavuta unyevu na kuutoa, ndivyo ilivyojengwa, na ndio maana imesimama. Ukiifunika na saruji ngumu unyevu unakosa njia, unarudi ndani ya ukuta na kwenye vichwa vya boriti, chokaa ya chini yake inaanza kuwa unga. Halafu usisahau Mkomani iko ndani ya Mji wa Kale, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kwa hivyo kabla hujabomoa au kumwaga chochote pita kwenye ofisi ya Makumbusho hapo hapo mjini uwaulize. Wana watu wanaojua chokaa na mara nyingi watakuelekeza kwa mwashi wa sawasawa.

Epoksi nayo siichukii, ni kitu kizuri sana mahali pake, lakini mahali pake ni juu ya zege kavu, gumu, lisilotikisika. Sakafu ya boriti inacheza kidogo kila ukitembea, na chokaa ni laini. Epoksi itashika ngozi ya juu tu ya chokaa halafu itabanduka nayo vipande vipande, na hapo utakuwa umeharibu kilichokuwepo na ulichokiongeza, vyote viwili.

Sasa tufanye nini. Mimi naamini kabisa kwenye nyumba kama yako sakafu ya nyumba iachwe iwe sakafu ya nyumba, na sakafu ya kazi iwe kitu kingine, kinachowekwa juu na kinachoondoka. Yale mabonde yazibwe na chokaa yenyewe, chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa maji baridi usiwe na chumvi, ikandamizwe, isuguliwe mpaka ilale, na ifunikwe na magunia mabichi isikauke haraka, manake chokaa haigandi kama saruji, inakomaa polepole kwa hewa, na ukiiharakisha inapasuka na kutoa unga tena. Hapo unga utapungua sana. Na huo unga si wa kuudharau, chokaa ni kali, watu wa kutengeneza ngozi huitumia kunyonyolea manyoya, kwa hivyo ukiingia kwenye ngozi yako ya rangi ya asili, hasa ikiwa imelowa, inaikausha na kuiachia mabaka ya kahawia. Ulivyouona kama uchafu tu nakwambia ni zaidi ya uchafu.

Halafu juu yake tengeneza jukwaa. Si la chumba kizima, ni la pale unapokaa na kufanya kazi tu. Plaiwudi moja nzima ya milimita 18 ni mita 2.44 kwa 1.22, uzito wake ni kilo 30 na kitu, mtu mmoja na hamali wanaipandisha ngazi. Chini yake funga mbao za mbili kwa mbili, na hapa sikiliza vizuri, hizo mbao zilale kukata boriti na sio kufuata boriti, ili mzigo ugawanyike kwa boriti nyingi usiangukie moja au mbili. Chini ya kila mbao gundisha ukanda wa mpira, hata tyubu ya gari ya zamani inafaa, huo ndio utakaopunguza kishindo kwa shangazi na pia utazuia mbao zisiivuruge chokaa. Wacha nafasi ya hewa ipite chini ya jukwaa, usiizibe pembeni na ubao, kwa sababu hapo patakuwa na joto la unyevu na utafuga mchwa.

Jukwaa liweke karibu na ule ukuta mrefu ambao vichwa vya boriti vimeingia, usiliweke katikati ya chumba, katikati ndipo boriti zinapocheza zaidi. Meza yenye jiwe la kugongea na iwe hapo hapo ukutani, na ukigonga, gonga juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao, utaona panchi inakata kwa pigo moja badala ya matatu.

Lakini kuhusu kugonga nitakwambia ukweli, mpira unasaidia tu, haumalizi. Lile vumbi la shangazi ni chokaa ya dari inayolegea kwa mtikisiko, na ukiendelea miezi na miezi kitakachomwangukia si vumbi tena. Kazi ya nyundo ishushe chini. Tafuta gogo zito la mwembe au mkwaju, liweke uani au hata kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, juu ya udongo mgumu, na kazi zote za panchi, ribiti na kupiga chapa uzifanye pale kwa saa zako, mfano asubuhi baada ya chai. Juu ubaki na kukata, kushona, kugundisha na kupaka rangi. Gogo lililokaa juu ya ardhi linarudisha nguvu yote kwenye panchi, sakafu ya juu inaila nusu. Kwa hivyo hata bila shangazi ningekwambia hivyo hivyo.

Plaiwudi yenyewe usiiache wazi, itanywa rangi na gundi. Misumari au skrubu zizame, matundu na maungio yazibwe na pati, piga msasa, halafu vanishi koti tatu za rangi ya mbao nyepesi. Nyepesi nakusisitizia, sindano ikianguka unaiona, na kipande cha ngozi kikianguka unakiona. Ukipenda mafuta ya kitani badala ya vanishi ni sawa pia, yanapendeza na ni rahisi kuyarudia, lakini matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa pembeni, yanapata moto yenyewe bila hata kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja ndio uyatupe. Kwenye nyumba ya boriti hili si la kufanyia mchezo.

Na la gundi. Ile gundi ya kopo ya watu wa viatu, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hauendi dirishani juu unakaa chini, unatambaa sakafuni mpaka mlangoni na unashuka ngazi. Kwa hivyo dirisha peke yake halitoshi, mlango uwe wazi kwa chini, na jiko la makaa au la gesi la kuyeyushia nta lisiwe kwenye chumba hicho wala kwenye ngazi. Rangi ya spiriti nayo ina moto. Kona ya rangi iwekee hadibodi ya zamani juu ya jukwaa, ikichafuka sana unaitoa unaweka nyingine, usijihangaishe kutafuta sakafu isiyoshika rangi ya ngozi, sijapata kuiona.

Ngozi zenyewe zisikae sakafuni hata kama umeipenda sakafu yako vipi. Tengeneza chanja, zipande angalau sentimita 15 kutoka chini na mbali kidogo na ukuta, hasa masika na kusi, bila hivyo utaamka siku moja zimeota ukungu.

SWALI

Habari za kazi fundi. Mie niko Malindi, najenga karakana yangu mwenyewe nje ya mji kidogo, kuta za mawe zimefika linta. Tutakuwa watu wanne, mashine mbili za kushonea, meza kubwa ya kukatia na kona ya rangi. Nataka kumwaga sakafu mara moja niwache. Fundi anasema tutumie mchanga wa ufuoni kwa sababu uko karibu na ni rahisi, na mke wangu anataka sakafu nyekundu inayong'aa kama ya kwao. Unasemaje?
Mwenye karakana mpya, Malindi

JIBU

Nakupongeza ndugu yangu, kujenga mwenyewe ni raha kwa sababu makosa ya sakafu yanazuiwa kabla ya kumwaga, baada ya hapo ni kuvunja tu.

Mchanga wa ufuoni hapana. Una chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa kila siku maisha yake yote, sakafu haikauki, inatoa ule unga mweupe wa chumvi kwa juu, na wavu wa waya wa BRC ulio ndani unaoza. Sisi wa pwani tayari tuna chumvi ya kutosha kwenye upepo hatuhitaji kuongeza. Chukua mchanga wa mto, ule unaochotwa mbali na mdomo wa mto, utaongeza nauli kidogo lakini hutaujutia. Na kama fundi wako anang'ang'ania, muonjeshe, aweke punje kidogo ulimini, ikiwa ni chumvi hakuna mjadala. Ndugu zangu wa Lamu mnaosoma hapa nanyi msiitolee macho michanga ya Shela, ile ndiyo inayoyahifadhi maji tunayokunywa mjini, iacheni.

Kumwaga kwenyewe ni kwa kawaida, mawe yashindiliwe sawasawa, juu yake vumbi la mawe lisawazishwe ili nailoni isitoboke, halafu nailoni nene ya geji 1000, maungio yake yapandane vizuri na ipande kidogo ukutani. Watu wengi huiruka hii nailoni kubana pesa na ndiyo kitu cha muhimu kuliko vyote kwa mtu wa ngozi, unyevu wa ardhini ukipanda utaugundua kwenye ngozi kabla hujauona kwenye sakafu. Halafu BRC, halafu zege la inchi 4, saruji 1 mchanga 2 kokoto 4. Kabla ya kumwaga piga mabomba ya waya za umeme yatokee pale mashine zitakapokaa, katikati ya chumba, ili nyaya zisitambae sakafuni watu wakajikwaa wamebeba kisu. Hapa ndipo unaponishukuru baadaye.

Zege lilowanishwe siku 7 mfululizo, na kwa joto la Malindi lifunikwe kabisa na magunia au nailoni, sio kumwagia maji asubuhi na jioni halafu katikati linaungua na jua. Siku 28 ndio limepata nguvu yake, lakini kukauka ni habari nyingine, linachukua muda zaidi ya hapo. Kabla ya kupaka chochote, chukua kipande cha nailoni safi cha kama sentimita 45 kila upande, ubandike na selotepu pande zote nne bila kuacha hewa, kiache usiku kucha mpaka kesho yake, saa 16 zisipungue. Ukibandua ukute matone au zege limekoza rangi, bado, subiri. Ukipaka rangi au epoksi juu ya unyevu itavimba malengelenge.

Juu mwambie apige niru kwa mwiko wa chuma, laini lakini sio kioo. Niru laini sana ikimwagikiwa na nta au mafuta ya ngozi inateleza vibaya, na mtu anayeteleza kwenye karakana yetu huwa ana kitu chenye makali mkononi. Halafu inyweshe sodiamu silikati, ile dawa ya maji inayoingia ndani ya saruji na kuikaza isitoe vumbi. Vumbi la saruji lina ukali kama wa chokaa niliyomwelezea yule kijana wa Mkomani, kwa hivyo sakafu ya saruji isiyokazwa si sakafu ya ngozi. Epoksi weka kona ya rangi peke yake, na pandisha kaukingo ka sentimita chache kuzunguka, mkebe ukipinduka rangi inabaki pale pale unaikokota na tambara.

Shemeji umwombe radhi kwa niaba yangu, nyekundu ibaki nyumbani, na kule nyumbani ni nzuri mno sikatai. Karakanani ile polishi yake nyekundu inahamia kwenye viatu, kwenye magoti, na kwenye ngozi yoyote nyepesi itakayoanguka, na mteja aliyeagiza mkoba wa rangi ya asali hatakubali wenye wayo wa waridi. Kijivu chepesi cha saruji yenyewe ndicho bora. Nyeupe kabisa nayo inaumiza macho jua la Malindi likiingia mlangoni.

Zege ni gumu kwa miguu na kwa viuno, hilo halina dawa ndani ya zege lenyewe. Kila mtu anaposimama, hasa meza ya kukatia, weka zulia la mpira la milimita 10 au 12, kingo zake zichongwe zisijikwaze. Mpira unaokoa visu pia, kisu kikianguka kwenye zege kwa ncha ni kunoa nusu saa, kwenye taili ndio usiseme, unapoteza kisu na taili. Kizingiti kiinue kidogo mvua za mwezi wa tano zisiingie, na mteremko usiweke, karakana ya ngozi inafagiwa na kupigwa deki kavu, haioshwi kwa maji ya ndoo.

SWALI

Shikamoo fundi. Nashona mikoba nyumbani Malindi, kazi nafanyia sebuleni jioni mtoto akilala. Kuna zulia la manyoya. Juzi nimekanyaga sindano nikakaa siku mbili nachechemea, na sasa mtoto ameanza kutambaa nina wasiwasi sana. Nibadilishe sakafu au nifanye nini? Nyumba ni ya kupanga.
Mama wa mikoba

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana na mguu.

Kwa mtoto anayetambaa sina jibu la kati na kati, lile zulia litoke sebuleni au kazi itoke sebuleni. Sindano za ngozi zile za mashine na zile zenye ncha ya pembe tatu zinakata, hazitobolei tu, na zikiingia kwenye manyoya ya zulia hata sumaku haizitoi zote. Kama una kona nyingine, hata nyuma ya pazia chumbani, hamia.

Pale utakapokaa tandika lile zulia la plastiki linalouzwa kwa mita, wengi huliita PVC, kipande kimoja kisicho na maungio, la rangi moja nyepesi bila maua wala michoro ya mbao, michoro inaficha sindano. Likunje juu kidogo pembeni ukutani ili vitu visibingirike nje. Mwisho wa kazi unalikunja lote na taka zake unaenda kulikung'uta nje, ndio uzuri wake kwa mpangaji, hakuna cha kugundisha wala kuvunja. Usiweke juu yake mkeka wa mpira moja kwa moja, mpira unaliachia doa la manjano lisilotoka hata kwa sabuni gani. Na gundi ya kopo au asitoni vikimwagika vinalilainisha linanata, futa haraka na uweke gazeti au kadibodi chini unapogundisha. Kugundisha kwenyewe toka nje barazani, usifanye kabisa ndani kwenye chumba cha mtoto, nilishasema kwenye barua ya kwanza mvuke ule unakaa chini, na chini ndiko mtoto aliko.

Sumaku tafuta kwa mafundi wa redio, ile ya spika mbovu, ifunge kwenye fimbo na upitishe sakafuni kila jioni. Ribiti za shaba haizishiki, hizo uzitafute kwa macho. Na sindano zako zihesabu unapoanza na unapomaliza. Ya mashine ikikatika usiendelee kushona mpaka umepata vipande vyote viwili, kibandike kile kilichokatika kwenye selotepu ndani ya mkebe.

SWALI

Fundi, mimi na jamaa mmoja wa kuchomelea vyuma tumekodi duka moja Langoni, Lamu, yeye upande wa mlangoni mimi ndani. Ngozi yangu ya rangi ya asili nikiilowanisha niipige chapa inatokea vidoti vyeusi, vidogo vidogo, na havitoki kwa sabuni. Nimebadilisha maji, nimebadilisha muuzaji wa ngozi, bado. Sakafu ni saruji ya kawaida. Inawezekana ni sakafu?
Mwenye vidoti, Langoni

JIBU

Ni sakafu ndugu, au tuseme ni kilicho juu ya sakafu. Mwenzako akisaga chuma na ile grainda unga wa chuma unaruka chumba kizima na kukaa chini, huuoni, unaukanyaga unauleta mezani kwa viatu, na feni inaumalizia. Ngozi ya rangi ya asili inatengenezwa kwa dawa ya magome, sawa na magome ya mkandaa wetu yaliyokuwa yakipakiwa majahazini kupelekwa nje kwa kazi hiyo hiyo, na ile dawa ya magome ikikutana na chuma mahali penye maji inageuka nyeusi papo hapo. Ngozi ikiwa kavu huoni kitu, ukiilowanisha ndio vinajitokeza, kwa hivyo hukukosea kushuku maji, lakini maji yamefichua tu. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu haipati shida hiyo, ndio maana huenda mikoba yako mingine iko salama.

Kuhama ndio ingekuwa bora. Kama haiwezekani wekeni ukuta wa plaiwudi mpaka juu, yeye asagie nje ya mlango, na wewe sakafu ya upande wako ipakwe epoksi kama saruji ni kavu, ifanyie kwanza ile nailoni ya usiku kucha, maana duka la chini Langoni mara nyingi lina unyevu. Saruji yenye vishimo inafuga unga wa chuma hufagii ukaumaliza. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ukishamaliza unautoa mfuko na unga unaanguka wenyewe ndani ya takataka. Halafu tambara bichi, lakini hakikisha sakafu imekauka kabisa ndipo ngozi zitoke. Usifagie kavu wakati ngozi ziko wazi mezani. Viatu vya nje vibaki kwenye ule ukuta wa plaiwudi, uwe na ndara zako za ndani peke yake.

Vile vidoti vilivyopo jaribu ndimu. Kamulia maji ya ndimu kwenye kitambaa, kwanza kwenye kipande cha kutupa, halafu paka eneo lote na sio kidoti peke yake ili lisitokee baka, subiri kidogo, suuza na maji safi na uanike kivulini. Vipya vinafifia vizuri. Vya zamani vilivyozama havitoki vyote, na hiyo ngozi usiitupe, ifanye nyeusi yote. Chukua siki nyeupe, tia misumari au sufi ya chuma isiyo na mafuta, iache mkebeni siku kadhaa mpaka ikolee, chuja, paka. Itageuka nyeusi mpaka ndani, nyeusi isiyochujuka, na kwa mishipi ni nzuri sana. Mkebe wenyewe usiufunge kwa kukaza, siki na chuma vinatoa gesi na utapasuka, na uweke nje kabisa ya chumba cha ngozi nyepesi.